Jivu la boila na tope la kabaidi: vile unaweza kutuliza udongo wenye asidi

Wakulima wenzangu wa huku magharibi mwa Kenya, kuanzia Vihiga na Kakamega mpaka Nandi na Kericho, kama mahindi yako yanaota vizuri halafu yakifika magotini majani yanageuka zambarau na wewe unazidi tu kuongeza mbolea ya DAP, hebu ngoja kwanza. Ng'oa mche mmoja uangalie mizizi. Ukikuta ni mifupi, minene, ncha zimedumaa kama zimeunguzwa, hapo uwezekano mkubwa ni asidi. Udongo ukishuka chini ya pH 5.5 (pH ni kipimo cha asidi, ikishuka asidi imezidi), aluminiamu iliyokua imetulia inaanza kuyeyuka na inaua ncha za mizizi, halafu fosforasi uliyonunua kwa pesa yako inanaswa na hiyo aluminiamu na chuma, mmea unabaki na njaa. Na DAP yenyewe ukiitia kila mwaka inaongeza asidi.

Dawa yake ni chokaa, hiyo tunajua, shida ni bei na usafiri. Lakini kuna vitu vinatupwa hapa karibu vinafanya kazi hiyohiyo.

Cha kwanza jivu la boila. Viwanda vya chai vinachoma kuni za mikaratusi kukausha majani, na jivu linabaki malundo. Jivu la kuni lina kalsiamu na pia potasiamu, ila nguvu yake kwa wastani ni kama nusu ya chokaa ya mawe, na naitrojeni halina kabisa, kwa hivyo usiliite mbolea. Chukua lililo kavu, manake lililonyeshewa miezi limeshapoteza potasiamu na unabeba maji. Kabla ya kulipa lori, weka kijiko kimoja kwenye glasi umwagie siki, likitoa povu kweli kweli ni zuri. Uliza pia walichoma nini. Kama kuna mbao za rangi, nguzo zilizotiwa dawa ama matairi, achana nalo, hapo kuna arseniki na madini mengine mazito ambayo hayatoki shambani tena.

Cha pili ni lile tope jeupe la mafundi wa kuchomelea. Kabaidi, yale mawe wanayotumia kupata gesi ya kuchomelea, ikikutana na maji inatoa gesi, kinachobaki ni chokaa kali sana, kilo 74 zikiwa kavu na safi zinafanya kazi ya kilo 100 za chokaa ya mawe. Lianike nje mahali wazi mpaka likauke livunjike unga, na usiwashe moto wala sigara karibu, saa zingine punje za kabaidi zimebaki ndani na gesi bado inatoka.

Wale wa ukanda wa miwa, lile tope jeusi linalobaki kiwandani wakichuja maji ya miwa lina fosforasi na mboji, na kalsiamu pia kwa sababu wanasafisha hayo maji kwa chokaa. Likiwa bichi linachemka kama mbolea ya samadi, liache liive miezi miwili hivi.

Sasa kipimo, na hapa ndo watu wengi tunaharibu. Pima udongo kwanza. Tembea shamba zigizaga, chimba sehemu 10 hadi 15, kina cha sentimita 20, changanya kwa ndoo safi ya plastiki, peleka nusu kilo maabara, KALRO, lile shirika la utafiti wa kilimo, wanapima. Wakikuambia tani 1 ya chokaa kwa ekari, basi kipande cha mita 10 kwa 10 kinataka kilo 25 za chokaa, ama kilo 50 za jivu, ama kilo 18 za unga wa kabaidi. Pima kwa mizani, usikadirie na mkebe wa gorogoro, jivu ni jepesi litakudanganya. Mimi mwaka wa kwanza nilimwaga jivu palipoangukia gunia nikasambaza kwa mguu, na pale palipokua na lundo maharagwe yalitoka manjano, mishipa tu ndo ya kijani, manake asidi ikiisha kabisa chuma na zinki navyo vinakataa kuingia kwenye mmea.

Sambaza asubuhi hakuna upepo, vaa glavu, kitambaa puani na miwani, hiyo ya kabaidi ikiingia jichoni ni hatari, osha na maji mengi na uende hospitali. Fukia na jembe mpaka sentimita 15 siku hiyohiyo, halafu subiri wiki 3 ama 4 ndo upande. Usichanganye na samadi wala DAP kwa wakati mmoja, naitrojeni inapaa kama gesi, utaisikia harufu yake kali puani.

Chai usiiwekee kabisa, yenyewe inapenda asidi. Viazi pia uwe mwangalifu, chokaa ikizidi vinatoka na magamba. Mahindi, maharagwe, sukuma na vitunguu ndo vitashukuru, na msimu huo punguza haraka ya kuongeza mbolea, ngoja mahindi yafike magotini ung'oe mche mwingine ulinganishe na ule wa kwanza.