Namna ya Kuchagua Mashine ya Kunyolea Farasi

Kabla hujatazama mashine yoyote, mtazame farasi wako. Pitisha kiganja ubavuni mwake ukielekea kinyume na mlalo wa manyoya, uone yameshonana kiasi gani, kisha ujiulize unataka kunyoa sehemu zipi, mara ngapi kwa mwaka, na kama farasi huyo hutulia anaposikia kitu kikinguruma karibu na shingo yake. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayokuchagulia mashine, kwa kuwa mashine bora kwa farasi mmoja inaweza kuwa mateso kwa mwingine.

Kazi zenyewe ni mbili, na kila moja ina chombo chake. Ya kwanza ni kusafisha kingo: nywele za chini ya taya, zile zinazoning'inia nyuma ya vifundo juu ya kwato, na ile sehemu fupi nyuma ya masikio inapopita hatamu. Kazi hii huhitaji mashine ndogo, nyepesi na isiyo na kelele. Ya pili ni kunyoa mwili, ambayo hufanywa hasa kwa farasi anayefanya kazi katika majira ya baridi, kwa sababu manyoya marefu yakilowa jasho huchelewa kukauka na mnyama hubaki akitetemeka. Hufanywa pia kwa farasi mzee ambaye maradhi ya tezi ya pituitari yamemzuia kupukutisha manyoya yake, akabaki na koti zito hata wakati wa joto. Hapo mashine kubwa ya mwili haina mbadala.

Nalisema hili kwa uchungu, kwani nilishajaribu kumnyoa farasi jike mzee, mwenye manyoya mazito, kwa mashine ndogo ya kingo. Ubavu mmoja haujafika hata nusu mota ilianza kulalamika, meno yakawa yanang'oa badala ya kukata, na nilipofika kwenye ngozi laini nyuma ya kiwiko alijikunja na kuinua mguu. Nilipoyagusa meno kwa mgongo wa mkono wangu ndipo nilipojua kwamba yalikuwa yanaunguza. Kosa halikuwa la mashine wala la farasi, kwa maana ni mimi niliyeipa kazi isiyo yake, na ilinichukua majuma mengi kabla hajakubali tena kusimama kwa utulivu nikiwa na mashine mkononi.

Katika mashine ya mwili, wauzaji hupenda kutangaza kasi, yaani idadi ya mipigo ya meno kwa dakika, ambayo mara nyingi huwa kati ya 2,000 na 3,500. Kasi husaidia kuacha mkato laini, lakini kwa manyoya mazito nguvu ya mota ni muhimu zaidi, maana mota dhaifu hupunguza mwendo mara tu meno yanapoingia ndani ya koti, na hapo ndipo mistari na kuvuta nywele huanza.

Meno ndiyo yanayostahili umakini wako mkubwa kuliko kitu kingine chochote. Seti moja ina mabamba mawili: la chini, lenye umbo la kichana, hutelezea juu ya ngozi, na la juu huenda na kurudi likikata. Kwa meno ya kuchomeka yanayotumika kwenye mashine nyingi ndogo na za kati, namba ikipanda nywele zinazobaki huwa fupi: namba 10 huacha takriban milimita 1.5, namba 30 takriban nusu milimita, na namba 40 takriban robo milimita, kiasi kinachofaa pale daktari wa mifugo anapoandaa ngozi kwa upasuaji. Mashine nyingi kubwa za mwili hazifuati namba hizo, bali meno yake, yenye upana wa karibu sentimita 7 au 8, huuzwa kama membamba, ya wastani au mapana kwa kadiri ya nafasi kati ya jino na jino. Kwa mtu anayeanza napendekeza ya wastani bila kusita. Membamba huonyesha kila kosa la mkono, na mapana yanafaa manyoya magumu ya miguuni na koti nene sana.

Kuhusu uzito, usiridhike na maelezo ya kwenye boksi. Mashine ya mwili mara nyingi hukaribia kilo moja au kuzidi, na kunyoa mwili mzima huweza kuchukua saa moja hadi mbili, tena sehemu kubwa ukiwa umeinua mkono. Ishike, iwashe, uinyanyue hadi usawa wa bega kwa dakika chache. Vidole vikifa ganzi kwa mtetemo, iache. Sikiliza pia sauti yake, maana farasi mwoga huitikia mlio mkali wa juu kuliko ngurumo nzito ya chini.

Mashine ya waya haichoki, lakini waya huweza kukanyagwa, hivyo itumie pakavu na kwenye umeme wenye swichi ya kinga inayokata mkondo unapovuja. Ya betri ni salama zaidi na hukuruhusu kuzunguka upande wa pili bila kuvuta chochote. Chagua yenye betri inayotoka, ununue na ya akiba.

Jambo moja la sheria: tangu tarehe 1 Julai 2021, Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, halimruhusu kushindana farasi aliyenyolewa nywele za hisia za mdomoni na machoni, isipokuwa zimeondolewa kwa sababu za tiba. Kwa hiyo usinunue mashine kwa ajili ya kazi hiyo.

Mwisho, uliza kabla ya kulipa kama meno ya akiba yanapatikana na ni nani atakayeyanoa. Vumbi huyamaliza haraka kuliko manyoya, basi mwoshe farasi na umwache akauke kabisa kabla ya kunyoa, dondoshea meno mafuta kila baada ya dakika 5 hadi 10, na uyapime joto kwa mgongo wa mkono. Nunua seti mbili tangu siku ya kwanza. Iliyokwisha makali ifungie uzi mwekundu na uiweke kando, isije ikarudi kwenye mashine kabla haijanolewa.