Miguu yako kabla ya masika

Masika huanza Machi na kwenda hadi Mei, na watu huanza kulalamikia vidole mvua zikishakolea. Hapo umeshachelewa. Miguu itayarishwe Februari, jua la kaskazi lingali linawaka.

Anza na viatu. Kiatu cha kufunika kikirowa hakikauki kwa usiku mmoja, na fangasi hupenda pahala penye joto, unyevu na giza. Mwanafunzi wa skuli, askari, mfanyakazi wa hoteli, yeyote anayelazimika kuvaa viatu hivyo kutwa, atafutiwe jozi ya pili avae kwa zamu. Ikiwa uwezo haupo, toa soli ya ndani usiku, jaza magazeti makavu, na nunua soksi za pamba za kubadilisha. Mabuti ya mpira ni mazuri njiani, lakini ukikaa nayo siku nzima mguu hurowa kwa jasho. Ukifika kazini vua, vaa champali.

Weka pia kitambaa kikavu mkobani. Tunatawadha mara kadhaa kwa siku na kupitisha vidole vya mkono baina ya vidole vya mguu, na huo ni usafi mkubwa. Kinachodhuru ni kuvaa soksi mguu ukiwa bado unachuruzika maji. Kausha hasa baina ya kidole kidogo na jirani yake: hapo ndipo ngozi hugeuka nyeupe, ikalainika, ikachanika na kuwasha.

Ikishafika hapo, duka la dawa lina krimu ya klotrimazole, dawa ya fangasi. Pakaa asubuhi na usiku, na uendelee wiki mbili baada ya ngozi kupona, maana wengi huacha muwasho ukitulia tu, na fangasi zinarudi. Krimu yenye steroidi peke yake usiiguse: inatuliza muwasho huku fangasi zikienea.

Wanaoshuka mabondeni kulima mpunga, Cheju na Bumbwini hapa Unguja, au Pemba, wana jambo zito zaidi. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi nzima isiyo na jeraha lolote. Minyoo ya safura nayo huingia kwa nyayo tupu kutoka udongo uliochafuliwa na kinyesi. Kwa hiyo vaa mabuti, nyumba nzima itumie choo, na dawa za kichocho na minyoo zinapogaiwa, zimezwe. Mkojo ukiwa na damu, nenda ukapimwe. Kwa misumari iliyofichwa na matope, uliza kituo cha afya kama chanjo yako ya pepopunda bado inakukinga.

Kipupwe kikiingia Juni, ngozi hukauka na magaga hupasuka. Mafuta ya nazi kila usiku baada ya kuosha yanasaidia sana.

Mwenye sukari ndiye ninayemhofia zaidi. Neva za mguu zikishadhoofika, anaweza kukanyaga mwiba asubuhi asijue mpaka soksi imegandana na kidonda. Asitembee pekupeku hata ndani, akung'ute viatu kabla ya kuvaa, na maji ya kuoshea yapimwe joto kwa kiwiko. Bibi asiyeweza kuinama, mjukuu amtazame nyayo kila usiku kwa taa ya simu, kisigino na kila upenyo wa vidole. Akiona lengelenge, wekundu au mkwaruzo, hata kama hauumi, bibi apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.