Jinsi ya Kulinganisha Hisa za Kampuni za Kuhifadhi Data Ukiwa Kigoma

Mnunuzi wa dagaa katika mwalo wa Kibirizi hapimi uwezo wa mwenye mtumbwi kwa usiku mmoja wa giza, kwa sababu anafahamu kwamba mbalamwezi ikishika, taa za wavuvi hazivuti dagaa kama kawaida. Biashara ya kuhifadhi data nayo ina giza na mbalamwezi yake, ila mzunguko wake huchukua miaka.

Anza kwa kutenganisha aina za biashara. Seagate na Western Digital hutengeneza diski ngumu, ambazo wanunuzi wake wakubwa ni vituo vya data, na mshindani wao aliyebaki ni Toshiba pekee. Micron na Sandisk huuza chipu za kumbukumbu, ilhali NetApp na Pure Storage huyauzia mashirika mifumo kamili pamoja na huduma zake. Kuziweka Micron na Pure Storage katika safu moja ni kumlinganisha mvuvi na mwenye duka la jumla wa mtaa wa Mwanga hapa Kigoma: wote wanaishi kwa dagaa, lakini bei ikianguka hawaumii sawasawa.

Kisha fungua taarifa za fedha za kila mwaka, ambazo hupatikana bure katika tovuti ya mdhibiti wa soko la mitaji la Marekani, na unakili mapato ya miaka kadhaa mfululizo. Katika daftari langu, ukurasa wa Seagate unasomeka hivi: dola bilioni 11.66 katika mwaka wa fedha 2022, 7.38 mwaka 2023, 6.55 mwaka 2024 na 9.10 mwaka 2025. Anayetazama miaka miwili ya mwisho ataona ukuaji wa karibu asilimia 39. Anayetazama yote minne ataona kampuni iliyokuwa bado haijarudi ilikotoka. Micron ilishuka kutoka bilioni 30.76 mwaka 2022 hadi 15.54 mwaka 2023, ikaingia hasara, kisha ikapanda hadi 25.11 mwaka uliofuata. Western Digital inadai kazi zaidi, kwani ilinunua SanDisk mwaka 2016 na kuitenga Februari 2025, hivyo hesabu zake za zamani zimechanganya biashara mbili.

Hapo ndipo wengi hunaswa na uwiano wa bei ya hisa kwa faida, yaani bei ya hisa moja ikigawanywa kwa faida ya mwaka ya hisa hiyo. Chipu zinapoadimika faida huvimba, uwiano huonekana mdogo na hisa huonekana rahisi, kumbe kilele kimekaribia. Wakati wa hasara uwiano hauna maana kabisa. Mimi hugawa bei kwa wastani wa faida ya mzunguko mzima, na ninakiri kwamba hesabu hiyo huniondolea hamu ya hisa nyingi zinazosifiwa.

Linganisha pia madeni na faida ghafi, yaani kinachobaki katika mauzo baada ya kutoa gharama za kutengeneza bidhaa, lakini ndani ya kundi moja tu, kwa kuwa Pure Storage hubakiza takriban senti 70 katika kila dola ya mauzo, kiwango ambacho mtengenezaji wa diski hakifikii kwa kawaida.

Kampuni hizi hazimo katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kabla ya kutuma hata shilingi moja, muulize dalali mwenye leseni kuhusu kanuni za Benki Kuu za fedha za kigeni, kisha andika ada zake na gharama ya kubadilisha shilingi kuwa dola katika daftari lilelile.