Somo: Kutembelea Ranchi ya Ng'ombe na Kununua Nyama Katika Duka Lake

Wageni wengi wa ranchi huelekea moja kwa moja dukani, wakapimiwa nyama na kuondoka kana kwamba wamepita kwenye bucha la mtaani. Somo hili linapendekeza duka liwe kituo cha mwisho, kwa sababu anayeuliza maswali mazuri mbele ya mizani ni yule aliyekwisha kuona malisho na josho, yaani shimo la maji yenye dawa la kuogeshea ng'ombe. Mfano wangu ni Ranchi ya Kongwa mkoani Dodoma, iliyo chini ya Kampuni ya Ranchi za Taifa (NARCO).

Hatua ya kwanza ni kupiga simu kabla ya safari. Si kila ranchi ina duka, kwani nyingine huuza ng'ombe hai tu, na penye duka nyama hutegemea siku ya kuchinja. Uliza pia siku ya kuogesha, na kama wageni huruhusiwa kukaribia mazizi. Kwa kanda ya kati, miezi ya Mei hadi Julai hufaa zaidi, kwa kuwa mvua zimekwisha na mifugo bado imenawiri. Kufikia Oktoba utaiona imekonda.

Hatua ya pili hupuuzwa sana, nayo ni viatu. Virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo huweza kusafiri katika tope la soli, kwa hiyo vaa viatu vilivyooshwa, kanyaga dawa iliyowekwa getini, na ukiwa umetoka katika zizi jingine siku hiyo, mweleze mwenyeji wako bila kuona haya.

Hatua ya tatu ni malisho. Kongwa ndiko Waingereza walikoanzisha kilimo kikubwa cha karanga mwaka 1947, wakakiacha mwaka 1951 baada ya uhaba wa mvua, na udongo unaokauka ukawa mgumu kama tofali, kuwashinda. Ardhi iliyokataa jembe ilikubali majani, na leo hulisha ng'ombe aina ya Borani, wenye asili ya nyanda za Waborana kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Mtazame dume mwenye nundu kubwa na ngozi iliyolegea shingoni, kisha mwombe mchungaji akuonyeshe tofauti ya mtamba (jike changa ambalo halijazaa) na maksai (dume lililohasiwa).

Hatua ya nne, ambayo mimi huipa muda mrefu kuliko zote, ni josho. Ng'ombe huruka mmoja mmoja ndani ya maji yenye dawa, huogelea hatua chache, kisha hupanda upande wa pili na kusimama wakichuruzika ili maji yarudi shimoni. Kazi hii huua kupe, wakiwamo wale wanaoeneza ndigana kali, maradhi yanayoweza kumaliza ndama wa kundi zima. Hapo ndipo pa kuuliza swali ambalo mnunuzi wa mjini huwa halikumbuki: mnyama akichomwa sindano ya antibiotiki, husubiriwa siku ngapi ili dawa iishe mwilini kabla hajachinjwa? Msimamizi makini atakufungulia daftari la matibabu.

Sasa ingia dukani. Tafuta muhuri wa mkaguzi wa nyama, angalia kama jokofu linafanya kazi, kisha chagua kwa kufuata mapishi: sarara (nyama laini ya mgongoni) kwa kukaanga haraka, kongoro kwa supu. Beba deli lenye barafu, kwani buti la gari lililoegeshwa juani halifai kubebea nyama.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nilinunua nyama iliyochinjwa asubuhi hiyohiyo, lakini ilikuwa ngumu. Je, niliuziwa ng'ombe mzee?

Jibu: Huenda, ila hilo si lazima. Misuli hukakamaa saa chache baada ya kuchinja, na hulainika pole pole nyama ikitundikwa siku kadhaa katika chumba chenye ubaridi wa nyuzi 0 hadi 4. Uliza imetundikwa tangu lini. Sisi tumezoea kuamini kuwa nyama ya leo ndiyo bora, na kwa steki imani hiyo hutuponza.

Swali: Shikamoo mwalimu. Wanangu wangependa kuonja maziwa moja kwa moja kutoka zizini. Je, yana madhara?

Jibu: Marahaba. Usiwape kabla hayajachemshwa, hata kama ng'ombe anaonekana mzima, kwa sababu maziwa mabichi huweza kuambukiza bruselosisi, ambayo dalili zake za homa na maumivu ya viungo hufanana na za malaria.

Swali: Nikipenda mtamba, naweza kuondoka naye siku hiyohiyo?

Jibu: Hapana, mpaka uwe na kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa ofisa mifugo aliyemkagua. Lipia, acha alama ya hereni yake ya utambulisho iliyo sikioni iandikwe kwenye risiti, halafu urudi na gari la mifugo kibali kikiwa tayari.