Usimtolee mbwa ugali ukamjaza mbaazi

Katika ziara zangu za Kisauni na Likoni, hapa Mombasa, nimekuwa nikifunua sufuria ya mbwa na kukuta kosa lile lile. Unga wa mahindi umetolewa kabisa. Mahali pake pamejazwa mbaazi, pojo na dengu, na nyama ni vipande viwili vitatu vya kutia harufu. Nikiuliza sababu, jibu ni moja: nafaka ni mbaya kwa mbwa, nimeletewa habari hiyo kwenye simu. Mfugaji anaona amempa mbwa wake chakula bora kuliko cha jirani. Kumbe amechukua ushauri ulioanzia nchi za mbali, akautia kwenye chungu cha Pwani bila kuuliza uliishia wapi huko ulikotoka.

Kuna mzee wa Mwakirunge aliyekuwa na dume la miaka minne, mlinzi wa zizi la mbuzi. Nilimkuta mbwa amelala chini ya mwembe mchana, mbavu zinapanda na kushuka upesi, tumbo limejaa huku uti wa mgongo umetokeza. Nilimwinua mdomo wa juu nikaona ufizi umepauka. "Joto tu hili, mwanangu," mzee akaniambia. "Hii kaskazi, majira ya joto, ikipita atakaa sawa." Nilirudi usiku upepo ukiwa umetulia na mbwa amelala usingizi. Nikahesabu pumzi 52 kwa dakika. Mzee alikuwa amemlisha mbaazi na pojo kwa miezi 14, na alinionyesha gunia kwa fahari. Daktari wa mifugo alipompiga picha ya moyo alikuta umetanuka. Mbwa hakumaliza wiki mbili. Mwezi uliofuata wezi waliingia zizini wakaondoka na mbuzi sita.

Hakuna awezaye kuapa kwamba mbaazi peke yake zilimuua dume yule. Lakini ukimlisha mbwa wako namna ile unamweka katika hatari ambayo ni rahisi kabisa kuiepuka, na hilo ndilo linaloniuma.

Ugonjwa wenyewe ni wa kutanuka moyo. Kuta za moyo hulegea na kuwa nyembamba, vyumba vyake hupanuka, na nguvu ya kusukuma damu hupungua. Maji huanza kujikusanya mapafuni au tumboni. Mbwa huchoka mapema, hukohoa usiku, na wengine huanguka ghafla wakiwa hawajawahi kuonyesha dalili yoyote. Baadhi ya mbwa huzaliwa na mwelekeo huo, hasa Doberman, Great Dane na Boxer. Ndiyo maana madaktari walishtuka walipoanza kuuona kwa mbwa wa asili ambazo hazikujulikana sana kwa ugonjwa huu, Golden Retriever wakiwa wengi miongoni mwao.

Julai 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba inachunguza ripoti za ugonjwa huu na vyakula walivyolishwa wagonjwa. Kufikia Aprili 2019 ilikuwa imepokea ripoti 524, na 515 kati yake zilihusu mbwa. Vyakula vilivyotajwa humo vingi sana ni vya mfuko, vikavu. Zaidi ya asilimia 90 havikuwa na nafaka, na asilimia 93 vilikuwa na njegere au dengu. Kufikia Novemba 2022 ripoti zilikuwa zimepita 1,300. Desemba mwaka huo FDA ilisema hesabu za ripoti peke yake haziwezi kuthibitisha chanzo, na kwamba haitatoa taarifa nyingine za mara kwa mara hadi sayansi ilete jambo jipya. Kwa hiyo anayekwambia mikunde, yaani jamii ya mbaazi, pojo, dengu, njegere na maharagwe, imethibitishwa kuwa sumu ya moyo amepita mpaka, na anayekwambia kesi imefungwa na mikunde imesafishwa amepita mpaka vilevile. Uhusiano umeonekana, chanzo hakijathibitishwa. Kwangu mimi hilo linatosha kuiondoa mbaazi kwenye nafasi ya chakula kikuu, maana mbwa haihitaji na ugali haujamdhuru.

Tena ugali haukuwa na kosa tangu mwanzo. Mbwa huyeyusha wanga uliopikwa vizuri, na mbwa wa Pwani wamelelewa kwa ugali na dagaa vizazi na vizazi. Wenye mzio wa nafaka ni wachache, na wengi wa wenye mzio wa chakula husumbuliwa na protini za nyama au maziwa. Ubaya wa unga ni ukungu. Unga au mahindi yaliyoingia ukungu kwa unyevu wetu huu huweza kubeba sumukuvu, na sumukuvu huweza kuua ini la mbwa kwa siku chache. Msimpe mbwa unga mnaoukataa nyinyi wenyewe.

Sasa taurini, kwa sababu nalo limeeleweka nusu. Taurini ni kirutubisho ambacho misuli ya moyo inakihitaji sana. Paka hawezi kujitengenezea kiasi cha kumtosha, na mwaka 1987 wanasayansi wa Marekani walionyesha kwamba paka wenye moyo uliotanuka hupona wakirudishiwa taurini. Mbwa hujitengenezea kutokana na methionini na sisteini zilizomo katika protini anazokula. Nyama na samaki wana taurini yenyewe. Mbaazi na pojo hazina kitu, na methionini yao ni kidogo. Isitoshe, nyuzinyuzi nyingi za mikunde huenda zikaongeza taurini inayopotea kwenye kinyesi. Lakini sikilizeni vizuri: mbwa wengi kati ya wale waliougua na kupimwa damu, taurini yao ilionekana ya kawaida. Kwa hiyo kununua vidonge vya taurini na kuendelea na sufuria ya mbaazi si dawa. Badilisheni chungu kwanza.

Kwa anayenunua chakula cha mfuko: usisome maandishi makubwa ya mbele, geuza mfuko. Viungo huandikwa kwa mpangilio wa uzito, kizito kwanza. Soma kuanzia cha kwanza hadi unapokutana na vitamini au madini ya mwanzo. Njegere, dengu, maharagwe au viazi vikiwa humo, hivyo ndivyo viungo vikuu vya chakula hicho. Angalia pia kiungo kimoja kilichogawanywa. Unaweza kukuta njegere, halafu protini ya njegere, halafu wanga wa njegere, halafu nyuzi za njegere, kila kimoja mahali pake. Ukivijumlisha huenda vikaizidi nyama iliyoandikwa juu kabisa. Mfugaji mmoja wa Nyali alinibishia hapo hapo dukani, tukajumlisha pamoja, akaurudisha mfuko rafuni mwenyewe.

Kwa anayepika nyumbani, ambao ndio wengi wenu, shikeni vipimo hivi. Ni vya kuanzia, kwa mbwa mzima wa kilo 20, mwenye afya, asiye na mimba wala hanyonyeshi, kwa siku nzima:

Unga wa mahindi gramu 150, ukiwa mkavu. Nyama gramu 250, ikiwa mbichi. Mafuta ya kupikia kijiko kimoja cha mezani. Maganda ya mayai yaliyooshwa, yakakaushwa na kusagwa laini kama unga, nusu kijiko cha chai, kijiko kiwe sawasawa na ukingo, kisiwe na kilima. Gawa mara mbili, asubuhi na jioni.

Nimesema gramu. Sikusema kibaba, sikusema kopo, sikusema mkono uliojaa. Kibaba cha duka la Majengo si kibaba cha duka la Mtongwe, na mkono wa mtoto anayetumwa kumlisha mbwa si mkono wako. Azima mizani siku moja tu, pima unga ukiutia kwenye kikombe chako mwenyewe, kisha chora alama kwa kalamu isiyofutika. Baada ya hapo kikombe hicho kiwe cha mbwa, na kila mtu nyumbani aijue alama.

Mbwa wa kilo 30 haongezewi nusu, kama wengi mnavyofanya. Anaongezewa theluthi moja na kidogo tu: unga gramu 200, nyama gramu 340. Wa kilo 10 anapata unga gramu 90 na nyama gramu 150. Mafuta na maganda pia yafuate hesabu hiyo hiyo. Uzito wa mbwa haukisiwi kwa macho. Mbebe, panda naye kwenye mizani, kisha panda peke yako na utoe. Rudia kila wiki mbili. Akipungua au akinenepa, rekebisha.

Nyama hiyo, angalau siku tatu kwa wiki, iwe moyo wa ng'ombe. Moyo una taurini nyingi kuliko mnofu wa kawaida. Ukipata kuku, paja lina taurini zaidi ya kidari. Ngisi na pweza wana nyingi pia, kwa hiyo vipande visivyouzika mnavyopata kwa wavuvi msivitupe, vipikeni viive. Maini yasizidi gramu 50, mara moja kwa wiki. Siku ya dagaa, weka dagaa wakavu gramu 80 badala ya nyama yote, na siku hiyo maganda ya mayai usitie, kwa sababu mifupa yao inatosha.

Hapa kwenye upishi ndipo wengi mnamwaga faida yote. Taurini huyeyuka ndani ya maji. Ukichemsha moyo wa ng'ombe ukamwaga supu, umemwaga sehemu kubwa ya ulichokinunulia. Kata vipande vya sentimita mbili, tia maji nusu lita, funika, chemsha kwa moto mdogo dakika 30. Kisha usonge ugali kwa supu hiyo hiyo. Ikipungua, ongeza maji. Msitie chumvi, vitunguu wala nazi. Mbaazi za nazi zilizobaki asubuhi zina vyote vitatu, hivyo si za mbwa hata kidogo. Ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, pia hapana, hata mkiiloweka: chumvi haitoki yote, na moyo uliochoka haustahimili chumvi.

Mbwa akiokota punje za pojo zilizomwagika uani, msinipigie simu usiku wa manane. Ninachokataza ni mikunde kuwa ndiyo chakula chenyewe, siku baada ya siku.

Msibadilishe kwa ghafla. Siku ya 1 hadi ya 3, robo ya chakula iwe kipya. Siku ya 4 hadi ya 6, nusu. Siku ya 7 hadi ya 9, robo tatu. Siku ya 10, chote. Yupo mama wa Bamburi aliyebadilisha kwa mlo mmoja, mbwa akaharisha, mama akarudi kwenye mbaazi siku ya pili akisema ugali umemkataa. Ugali haukumkataa, haraka ndiyo iliyomharisha.

Na sasa pumzi, jambo ambalo lingemwahi mbwa wa Mwakirunge. Hesabu usiku, mbwa akiwa amelala usingizi mahali penye hewa. Usihesabu baada ya kubweka, wala mchana juani, wala akiwa ametoa ulimi anahema. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Tazama saa, hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Mbwa mwenye afya akilala huwa chini ya 30 kwa dakika. Hesabu usiku mitatu mfululizo, andika kwenye daftari. Ikizidi 30 mara mbili, muite daktari wa mifugo aliyesajiliwa kesho yake asubuhi, msingoje kaskazi ipite wala mwisho wa mwezi. Ikizidi 40, au akiwa ameanguka, au ufizi umepauka, mpelekeni usiku huo huo. Msiniambie ni joto. Joto la Mombasa humfanya mbwa aheme akiwa macho. Akilala usingizi mahali penye upepo pumzi hutulia. Kama haikutulia, kuna jambo ndani.

Daktari atataka kujua kama ni moyo kweli, kwa sababu homa za kupe hupausha ufizi pia, na minyoo ya moyo inayoenezwa na mbu huleta kikohozi kama hicho. Picha ya moyo ndiyo inayoonyesha kama umetanuka. Akimwandikia dawa za kusaidia moyo na za kutoa maji, mpe kwa saa alizosema, na usizikate mbwa akianza kuchangamka. Moyo ulioathiriwa na chakula, ukirekebika, huchukua miezi, kwa hiyo picha irudiwe baada ya miezi mitatu na tena baada ya sita. Dawa za presha za babu zilizo kabatini mziache kabatini.

Kama mambo yanaenda vizuri mtaona pumzi zinashuka, hamu inarudi na mbwa anazunguka zizi bila kukaa chini njiani.

Mkienda kwa daktari chukueni daftari la pumzi, uzito wa wiki za karibuni, na mfuko wa chakula mnaotumia, wenyewe, si jina lake la kukumbuka. Kama mnapika, bebeni kile kikombe chenye alama.