Kampuni ya simu ikiuzwa vibaya: jinsi ya kumpata mwenye lawama

Nimefanya uhasibu mpaka nikastaafu, na hadi leo vijana wa mtaani kwangu wananiletea ubishi wa mashirika ya umma utadhani mimi ndiye niliyeyauza. Mmoja anasema mzungu katuibia, mwingine anasema ni mawaziri wa enzi zile, wa tatu anasema bora lingebaki shirika la umma. Huwa nawaambia walete kaunta buku na rula. Lawama bila tarehe ni porojo tu.

Chora safu nne: tarehe, fedha iliyolipwa, kilichokabidhiwa, na aliyeidhinisha. Safu ya "nani mwizi" usiichore, itakuvuruga macho kabla hujaanza. Halafu chukua mauzo moja unayoyafahamu, ujaze mstari kwa mstari. Mimi nafundishia TTCL, kampuni ya simu ya taifa ya Tanzania, kwa sababu kila kosa linalowezekana katika kuuza kampuni ya simu utalikuta humo, au angalau kivuli chake.

Mstari wa kwanza ni Februari 2001. Serikali ya Tanzania, kupitia PSRC, ile tume ya kurekebisha mashirika ya umma, inauza asilimia 35 ya TTCL kwa wabia wawili: MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani. Bei dola milioni 120. Safu ya fedha, hata hivyo, usiandike 120. Andika iliyoingia, yaani dola milioni 60. Nusu ya pili iliachwa isubiri hesabu zilizokaguliwa, na hapo ndipo mgogoro ulipozuka, wanunuzi wakidai hali ya fedha ya kampuni si ile waliyoambiwa. Haikulipwa kama ilivyotangazwa.

Sasa nenda safu ya tatu, hapo taratibu. Kilichokabidhiwa ni nini? Watu wengi wanajibu "asilimia 35" wanapita. Hapana. Pamoja na hisa hizo chache walipewa uendeshaji wa kampuni. Mwenye asilimia 65 amekaa kwenye bodi, mwenye 35 ndiye anayeshika menejimenti, na menejimenti ndiyo inayoshika vitabu.

Ni sawa na kumwachia mtu gari na kadi yake kwa nusu bei, mkakubaliana kwamba salio litategemea fundi atakavyoikuta injini, na fundi mwenyewe anaikagua gari nyumbani kwa mnunuzi. Sisemi fundi alidanganya. Nasema wewe muuzaji umejinyima nafasi ya kubishana naye. Hata mkaguzi wa nje awe mwadilifu kiasi gani, makabati anafunguliwa na menejimenti. Kuna makadirio yasiyokwepeka kwenye mizania ya kampuni ya simu: wadaiwa ambao hawatalipa kamwe, nyaya na mitambo iliyochakaa, bili za ofisi za serikali zilizolala miaka. Ukiyapandisha makadirio hayo kidogo tu, thamani inashuka mamilioni, na kila tarakimu ina maelezo yake halali.

Kwa hiyo katika mstari huu mimi lawama ya kwanza naiweka kwa upande wa muuzaji, na hasa kwa yeyote aliyekubali funguo zitoke kabla hesabu hazijafungwa. Mnunuzi alitetea maslahi yake, ndiyo kazi yake. Muuzaji alikuwa na washauri, alikuwa na muda, na alikuwa na mali mkononi.

Hapa vijana hukunja uso, wangependa nianze na mgeni. Tulieni, na yeye tunafika kwake.

Mstari wa pili: utafute mtoto. Kampuni ya simu inapouzwa usiangalie mama peke yake, angalia na aliyezaliwa baada ya mauzo. Mwishoni mwa 2001 TTCL ikaanzisha kampuni tanzu ya simu za mkononi, Celtel Tanzania. Mwaka 2005 mtoto akatenganishwa na mama. Baada ya kutenganishwa, MSI ambayo sasa ilikuwa ikiitwa Celtel International ikawa na asilimia 60 za Celtel Tanzania, serikali 40. Kule TTCL ikabaki 65 kwa serikali na 35 kwa mbia.

Soma tena mgao huo kwa jicho la mhasibu. Serikali ilikuwa mwenye hisa nyingi kwa mama aliyemmiliki mtoto, ikatoka hapo ikiwa mwenye hisa chache kwa mtoto. Na TTCL kama kampuni ikabaki na simu za mezani. Laini zake zilikuwa kama 170,000 mwaka 2000, na zilikuwa zimepungua ilipofika 2005, wakati simu za mkononi nchini zilikuwa zinakaribia milioni 3. Safu ya pili ya mstari huu, yaani TTCL ililipwa nini kwa kumwachia mtoto, ndiyo yenye thamani kuliko safu zote za jedwali. Na safu ya nne isijazwe "serikali", ni uvivu. Andika bodi, andika wizara, andika Hazina, kila mmoja na tarehe yake ya kuidhinisha.

Katika kupungua kwa laini za mezani usilaumu mtu yeyote bure. Simu za mkononi zingeimaliza simu ya mezani hata kama TTCL ingeongozwa na malaika. Hasara ya soko iandike pembeni, kwa penseli, isichanganyike na hasara ya mkataba.

Mistari inayofuata inakwenda mbio. Mwaka huohuo wa 2005 Celtel nzima, kampuni ya Mo Ibrahim, ikanunuliwa na MTC ya Kuwait kwa dola bilioni 3.4. MTC ikajiita Zain. Mwaka 2010 Bharti Airtel ya India ikachukua biashara ya Zain katika nchi 15 za Afrika kwa dola bilioni 10.7, na ndivyo yule mtoto, Celtel Tanzania, alivyokuja kuitwa Airtel Tanzania. Angalia kilichouzwa hapo: ni kampuni mama iliyosajiliwa Uholanzi. Ukitafuta mkataba wenye jina la TTCL kwenye mauzo hayo utachoka. Hisa zilizoko Dar es Salaam hazikusogea, aliyebadilika ni mmiliki wa kampuni iliyozishika hisa hizo.

Ndiyo maana huwa sielewi mtu anayemmwagia lawama zote aliyekuja mwisho. Desemba 2017 Rais Magufuli aliposema Airtel ni mali ya TTCL, Airtel ilijibu kwamba ilinunua kwa kufuata taratibu na kwa idhini zilizotakiwa. Kauli zote mbili zinaweza kuwa na ukweli ndani yake, kwa sababu zinazungumzia mistari tofauti ya jedwali. Kosa la 2001 au 2005 halifutiki kwa usafi wa 2010, na wala mnunuzi wa 2010 hawi mkosaji wa 2005. Lawama yake inaanzia alichokikagua au kutokikagua kabla ya kulipa. Mgeni wenu ndiye huyo, na fungu lake ni hilo.

Jaza pia gharama ya kurekebisha, watu huisahau. Mwaka 2016 serikali ilizinunua tena zile asilimia 35 za TTCL kwa shilingi bilioni 14.9. Januari 2019 yakafikiwa makubaliano na Bharti: hisa za serikali katika Airtel Tanzania zikapanda kutoka asilimia 40 hadi 49, deni la zaidi ya dola milioni 400 ambalo kampuni ilikuwa ikidaiwa likafutwa, na Airtel ikakubali kutoa shilingi bilioni moja kila mwezi kwa miaka mitano. Binafsi naona ni mapatano mazuri. Lakini mapatano hayasemi nani alikosea, na hilo ndilo tunalolitafuta.

Jedwali hilihili linafanya kazi hata pale serikali inapokuwa mnunuzi. Kenya, Agosti 2022, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, Hazina ilitoa shilingi bilioni 6.09 za Kenya kununua asilimia 60 za Telkom Kenya kutoka kwa Helios, kampuni ya uwekezaji, kwa kutumia ibara ya 223 ya Katiba inayoruhusu kutumia fedha kwanza, Bunge liidhinishe baadaye. Serikali iliyofuata ikaufuta ununuzi huo. Huko kidole chako kiende moja kwa moja safu ya nne.

Karatasi utazipata wapi? Hansard, yaani kumbukumbu za mijadala ya Bunge, zipo mtandaoni, tafuta kwa jina la kampuni na mwaka. Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, huwasilishwa bungeni kila Aprili. BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, ukilipa ada unapata taarifa za wanahisa. PSRC usiitafute, ilishavunjwa, majukumu yake yakapitia CHC, shirika lililoyarithi, na sasa maswali hupelekwa kwa Msajili wa Hazina. Ukiambiwa "faili halionekani", iandike kauli hiyo kwenye safu ya nne pamoja na cheo cha aliyekujibu na tarehe.

Kisha mpelekee mbunge wako swali, lisilo na matusi wala "mafisadi", maana hayo ndiyo hupewa majibu ya jumla. Kwa mfano: "Je, katika utenganisho wa mwaka 2005, TTCL ililipwa kiasi gani kwa hisa zake za Celtel Tanzania, kikao gani cha bodi kiliidhinisha, na fedha hizo ziliingia akaunti ipi?"