Kutengeneza muhuri wa wakati usiopotosha tarehe

Muhuri wa wakati (tarehe na saa ambayo kompyuta huandika kwa kila tukio) usiosema ni wa saa za wapi ni nusu ya taarifa, na kasoro yake hujitokeza siku ya kufunga hesabu. Nililijua hilo katika duka moja la dawa jijini Nairobi linalouza usiku kucha: kila kilichouzwa kati ya saa sita na saa tisa usiku kilihesabiwa katika siku iliyotangulia, kwa kuwa seva ilifuata UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia nzima, ambayo saa zetu ziko mbele yake kwa saa 3.

Programu hii inahitaji Python 3.9 au toleo la baadaye. Iandike katika faili la muhuri.py:

```
from datetime import datetime, timezone
from zoneinfo import ZoneInfo

sasa = datetime.now(timezone.utc)
hapa = sasa.astimezone(ZoneInfo("Africa/Nairobi"))

print(int(sasa.timestamp()))
print(sasa.isoformat(timespec="seconds"))
print(hapa.isoformat(timespec="seconds"))
```

Kwenye Windows, tangulia kuendesha `pip install tzdata`, kwa sababu mfumo huo hauna orodha ya kanda za saa ambayo Python huitegemea.

Kwa mauzo ya saa saba na robo usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 8 Januari 2025, matokeo yangekuwa haya:

```
1736288100
2025-01-07T22:15:00+00:00
2025-01-08T01:15:00+03:00
```

Mstari wa kwanza ni idadi ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, saa sita usiku kwa UTC. Mistari miwili inayofuata inataja dakika ileile, ingawa tarehe zinatofautiana, na hapo ndipo mauzo ya duka lile yalipokuwa yakihama siku. Hifadhi mstari wa pili, kisha utumie wa tatu kwenye risiti na unapokusanya mauzo ya siku.

Usiondoe `timezone.utc`, maana bila hiyo Python husoma saa ya kompyuta yenyewe na kuiacha bila alama ya ukanda. Wala usijumlishe saa 3 kwa mkono: tarakimu zitafanana na za Nairobi huku alama ikibaki +00:00, na atakayesoma kumbukumbu hizo baadaye ataziongezea saa 3 nyingine.

Ukipokea namba yenye tarakimu 13, kama JavaScript inavyozitoa, hizo ni milisekunde. Zigawanye kwa 1000 kabla ya kuzilinganisha na zako.